`\r\n`: tuisafishe mlangoni au tuiache ilivyo?

Juzi hapa Tanga nilikuwa namtengenezea mchuuzi mmoja wa samaki pale Deep Sea ukurasa wa bei, orodha yake kaiandika kwenye kompyuta ya Windows, jina moja kila mstari, changu, kolekole, pweza, mi kwenye JavaScript nikaikata kwa `split('\n')`, yaani kila penye `\n`, alama isiyoonekana ya mwisho wa mstari, nikajua kazi imeisha. Ikatokea bei ya pweza tu, wa mwisho, wengine wote patupu! Kwenye skrini changu ni changu, hadi nilipopima urefu wa neno ndo nikaona 7 badala ya 6, kumbe nyuma yake kuna `\r`, alama nyingine ya mwisho wa mstari, imejificha, ndo maana jina halikulingana na lile lenye bei.

Windows inamaliza mstari kwa `\r\n`, Linux na Mac za sasa `\n`, Mac za zamani zile `\r` peke yake. Na regeksi (mifumo ya kutafutia maandishi) za JavaScript hazina `\R` ya kudaka zote kama za lugha ya Perl, kwa hiyo lazima uamue mwenyewe.

Wapo wanaosema maandishi ya mtu usiyaguse, aina zote uzidake ndani ya regeksi, `split(/\r\n|\n|\r/)`, na hapo `\r\n` lazima itangulie maana ukianza na `\r` utapata mistari mitupu katikati. Hoja yao nzito kweli, ukishabadili faili la mtu kisha ukalilinganisha na la mwanzo, kila mstari utaonekana umeguswa.

Ila mi niko upande wa kusafisha mara moja tu, pale maandishi yanapoingia: `replace(/\r\n?/g, '\n')`, kila `\r\n` au `\r` inageuka `\n`. Kwa sababu `split` siyo mtego pekee jamani. Ukitumia flegi `m` (herufi ya mwishoni mwa regeksi inayofanya `$` imaanishe mwisho wa kila mstari), `$` inasimama kabla ya `\r` halafu inasimama tena kabla ya `\n`, so ukiandika `replace(/$/gm, ' TSh')` kila mstari unaoisha na `\r\n` unapata TSh mbili, moja kwenye mstari na nyingine imeangukia katikati ya `\r` na `\n`, utaitafuta mpaka usiku. Nukta, inayodaka herufi yoyote, nayo haivuki mstari hadi uweke flegi `s`, iliyokuja na ES2018 (toleo la JavaScript la 2018), kabla ya hapo tulikuwa tunaandika `[\s\S]`. Hata kisanduku cha textarea, kile cha kuandikia kwenye ukurasa, ukisoma `value` unapata `\n`, fomu ikitumwa seva inapokea `\r\n`, sasa kila regeksi ikumbuke yote hayo? Mmoja atasahau tu.

Kama faili unatakiwa kulirudisha lilivyo, tunza nakala ya asili pembeni, usafishe ile ya kufanyia kazi. Orodha ya samaki haina haja hiyo, nimeisafisha, bei ya changu ipo.