Anayelala katikati ya mbuzi

Mwaka juzi jirani yangu alinunua mtoto wa mbwa kwa bei ambayo sitaitaja, maana mkewe anaweza kupita hapa akasoma. Aliambiwa ni Kangal halisi, mbegu ya Uturuki. Muuzaji alimtumia na video: mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, uso mweusi kama aliyeingiza pua kwenye chungu cha masizi, anamfukuza mbwa mwitu kwenye theluji. Jirani akaona habari ya wezi imekwisha. Akachomelea banda la nondo, akawa anamfunga mnyororo mchana kutwa ili awe mkali, usiku anamfungulia. Ndivyo tunavyofuga mbwa wa ulinzi mjini, wala sisemi kwamba mimi nilikuwa na akili zaidi yake.

Mbwa akakua, akawa anabweka. Anabweka bodaboda ikipita, anabweka paka, anabweka geti la mtaa wa pili likifunguliwa. Mjumbe aliitwa mara mbili. Halafu siku moja nikaenda kumsaidia jirani kushusha saruji, nikamkuta mbwa amejichimbia shimo chini ya simtanki, amejilaza kwenye udongo wa baridi, na kuku wa nyumbani na vifaranga saba wanamkanyaga miguu. Kimoja kilikuwa kimempanda mgongoni. Akafungua jicho moja, akatutazama, akalifumba.

"Unaona?" jirani akaniambia kwa uchungu. "Hela yangu yote hii."

Mimi niliona mbwa yuko kazini. Mwajiri ndiye aliyekuwa hajui amemwajiri kwa kazi gani.

Jina lake limetoka Kangal, wilaya katika mkoa wa Sivas nchini Uturuki, katikati ya nyanda za juu za Anatolia. Kiangazi huko kina jua kali, na kipupwe chake ni theluji juu ya theluji. Watu wa pale ni wafugaji wa kondoo tangu enzi na enzi, na adui wa kondoo wao ni mbwa mwitu. (Nasema wale wa kijivu wa Ulaya na Asia, si hawa wetu wenye madoadoa na masikio kama vijiko.) Dume la Kangal hufika sentimita 72 hadi 78 begani na kilo 48 hadi 60, yaani uzito wa mwanafunzi wa sekondari. Shingoni wachungaji humvalisha kola ya chuma yenye miiba mirefu iliyoelekea nje. Ukiiona kwenye picha unadhani ni pambo la kutisha watu. Kumbe mbwa mwitu hulenga koo, kwa hiyo ile ni kinga tu.

Waturuki wana hadithi kwamba mfalme mmoja wa India alimpa Sultani zawadi ya mbwa, mbwa yule akapigana na simba akamshinda, kisha akapotelea milimani karibu na Kangal, na hawa wa leo ni wajukuu zake. Hadithi nzuri ya kusimulia kwenye chai. Ukweli ni wa polepole zaidi: kwa vizazi vingi mbwa aliyekula kondoo aliondolewa, aliyekimbia mbwa mwitu naye akaondolewa, wakabaki waliokaa. Kwa wenyewe ni fahari ya taifa, kumtoa nje ya nchi si jambo rahisi, na wamebishana miaka mingi na wafugaji wa Uingereza na Marekani waliokuwa wakimchanganya na mbwa wengine wa Uturuki kwa jina moja la mbwa wa Anatolia. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lilibadilisha jina katika orodha yake likaandika Kangal.

Kinachonivutia mimi ni namna anavyolelewa. Kitoto cha mbwa huwekwa zizini kingali kidogo, kikakua kinanusa kondoo, kinalala na kondoo, kinapigwa kwato kikileta utundu. Ray na Lorna Coppinger, waliofanya utafiti wa mbwa hawa Marekani kuanzia miaka ya 1970, walieleza kwamba mlango huo wa malezi huwa wazi katika majuma 16 ya kwanza hivi, kisha unafungwa. Anayekaa na kondoo wakati huo humwona kondoo kama ndugu. Asiyekaa nao humwona kama kitu cha kukimbiza. Chakula chake cha asili ni yal, unga wa shayiri uliokorogwa na maji, mara nyingine na maji ya maziwa. Nikisoma hivyo nakumbuka sufuria jeusi la nyumbani, ugali wa pumba na vichwa vya dagaa.

Na kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kukaa. Anapanda kichuguu, anatazama. Kikisogea kitu, anabweka. Kisipoondoka, anasimama kati ya kitu hicho na kundi. Kupigana ni hatua ya mwisho kabisa, na mbwa mwitu mwenye akili haifikishi huko, kwa sababu mnyama anayewinda hawezi kumudu jeraha. Mtandaoni wanapenda namba 743, eti ndicho kipimo cha nguvu za taya za Kangal. Nani alipima, na mbwa alibembelezwaje mpaka akang'ata mashine, hawaelezi. Hata ingekuwa kweli, ingekuwa sawa na kumsifu daktari kwa jinsi anavyopiga ngumi.

Hapa naomba niwageukie ndugu zangu wa pwani, ambao wakisikia mbwa wanakunja kanzu. Uturuki ni nchi ya Waislamu, na mchungaji wa Sivas anaswali kama wewe. Hadithi ya Mtume inayokataza kufuga mbwa imemtoa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Na katika Suratul Kahf, wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Hakumng'ata mtu. Alilala mlangoni, na aya inasema mwenye kuwachungulia angejawa na hofu. Waturuki wana mapango wanayodai ndiyo hilo hilo, moja liko Tarsus. Nikiwaza aya ile sasa, mbwa ninayemwona ana rangi ya mchanga na uso mweusi.

Afrika tumeshamjaribu. Namibia ndiyo nchi yenye duma wengi kuliko nyingine, na duma hao wengi wanaishi kwenye mashamba ya mifugo, ambako wafugaji waliwaua kwa maelfu. Mwaka 1994 shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, la Laurie Marker, lilianza kuwagawia wafugaji mbwa wa Anatolia. Mamia wameshagawiwa, na wafugaji wengi wakaeleza kwamba hasara ya mbuzi na kondoo imepungua mno. Mfugaji asiyepoteza mbuzi hana sababu ya kubeba bunduki, kwa hiyo mbwa mmoja anawalinda mbuzi na duma kwa mpigo. Si malaika lakini: wapo walioua bweha, na wapo waliotoroka zamu. Kwetu Tanzania nao waliletwa wachache kujaribiwa kwa wafugaji jirani na Hifadhi ya Ruaha, huko ambako boma linatembelewa na simba na fisi.

Hata hivyo sishauri tuanze kuagiza. Mbwa wa kilo 60 anakula, na mfugaji wa Idodi, huko jirani na Ruaha, ana watoto wa kulisha kwanza. Kupe wetu na ndorobo wetu hawaheshimu cheti cha ukoo. Na Botswana wametuonyesha njia ya bei nafuu: walichukua mbwa wao wa kienyeji, wale wanaozurura kijijini, wakawalea na mbuzi tangu udogoni, nao wakalinda vizuri kwa gharama ndogo.

Hilo halikunishangaza. Babu yangu kule Kongwa alikuwa na mbwa jike anaitwa Semeni, jina la kuwapiga vijembe majirani. Mama yake alimzaa ndani ya zizi la mbuzi msimu wa mvua kwa kuwa ndiko kulikokuwa kukavu, basi. Hakufundishwa kitu. Alikuwa mwembamba, sikio moja limekatika, na asubuhi mbuzi wakitoka anatoka nao bila kuitwa. Fisi wakija usiku, Semeni habanduki mlangoni mwa zizi. Anabweka hapo hapo mpaka babu atoke na tochi na matusi yake. Angeuzwa, asingefikisha bei ya jogoo.

Jirani yangu mwishowe alimpeleka Kangal wake kwa shemeji yake Chalinze, mwenye mbuzi thelathini hivi. Mimi ndiye niliyemshauri, nikijiona nimetoa ushauri wa maana. Mbwa alikuwa na miezi kumi na minne. Siku ya kwanza aliwakimbiza mbuzi mpaka wawili wakavunja uzio. Sasa yuko kwenye mnyororo mwingine, chini ya mwembe, na shemeji anasema kuku ndio anaoelewana nao.