Mwananchi wa Karatasi

Siku hizi kuna watu ambao kazi yao ni kuandika miongozo ya namna serikali itakavyotuhudumia kwenye simu. Wafadhili wana yao, mashirika yana yao, wizara nazo hazikubali kupitwa. Jalada ni lilelile: mama amejifunga leso, ameshika simu, anacheka meno yote nje. Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Watu wanaohangaika na fomu za serikali kwenye simu nawaona kila siku. Anayecheka bado sijamwona.

Ndani mna maneno mazuri, nisiwanyime haki yao. Waingereza walitoa kanuni zao za usanifu wa huduma hizi mwaka 2012, ya kwanza inasema anza na mahitaji ya watu, ya pili inasema fanya machache. Hata maandishi ya tovuti yao ya serikali wanataka yaeleweke na mtoto wa miaka 9. Sisi hapa mtu mzima mwenye wajukuu anasoma fomu, anavua miwani, anaipangusa, anaivaa tena, na fomu iko palepale.

Haya ya Waingereza niliyasikia semina. Hao waandika miongozo walituita hotelini tukabuni nao huduma za kidijitali. Za kidijitali, sawa, lakini mlangoni tulisaini karatasi ya mahudhurio, karatasi ya nauli na karatasi ya chakula, zote kwa kalamu moja iliyofungwa uzi isije ikatoroka na mwananchi.

Kazi ya kwanza: tubuni mwananchi. Nikadhani sikusikia vizuri. Chumba kizima tulikuwa wananchi, wauza samaki, watu wa boda, mama wa nyanya, kila mmoja na kitambulisho chake cha taifa mfukoni. Hapana, alitakiwa mwananchi wa mfano, achorwe kwenye karatasi kubwa ukutani. Basi tukamchora. Tukampa jina (naliacha, maana hata kama hayupo ana heshima yake), tukampa umri, watoto na shamba. Binti aliyetuongoza, mtoto mpole kutoka Kampala, akauliza, "Wazee wangu, huyu ana ndoto gani?" Kijana wa boda akasema anaota deni la pikipiki limekwisha. Hiyo haikuandikwa. Iliandikwa "anapenda kujifunza mambo mapya". Akapewa na simu ya kugusa, imejaa chaji. Ilipofika saa sita yule mama wa karatasi alikuwa anaishi vizuri kuliko sisi wote tuliomzaa.

Baada ya chai ikaja ngazi. Hiyo aliibuni mama mmoja Mmarekani, Sherry Arnstein, mwaka 1969, ina vipandio 8 vya kuwashirikisha wananchi. Chini kabisa unachezewa akili, katikati unapashwa habari na kuulizwa maoni, juu kabisa wananchi ndio wenye usemi wa mwisho. Mama wa watu hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: kuulizwa maoni tu, basi, alikuita ushirikishwaji wa jina. Nilimpenda. Binti akauliza, "Sasa sisi Busia tuko kipandio cha ngapi?" Kimya. Mwisho mama mmoja wa samaki akasema, "Mwanangu, sisi ndio tunaoshika ngazi. Wanaopanda ni wengine."

Jibu lake likaandikwa kwenye kikaratasi cha njano, likabandikwa ukutani chini ya kichwa kinachosema "Fursa". Tukaenda kula. Kuku alikuwa mzuri.

Sasa njoo kwenye fomu yenyewe. Nilitaka kusajili kibanda changu, labda nipate tenda ya kushona sare za shule. Jina la idara silitaji, nina watoto wanasoma. Unaingia, unaambiwa kwanza uthibitishe wewe si roboti: chagua picha zote zenye bomba la zimamoto. Lile la kando ya barabara, fupi, jekundu. Nimezaliwa Uganda, nimezeekea Uganda, bomba hilo sijapata kukutana nalo. Kumbe roboti analijua, mimi ndiye natiliwa shaka.

Ukipita hapo unaulizwa aina ya biashara. Kuna uchimbaji madini, kuna bima, kuna ushauri wa sijui nini. Ushonaji hakuna. Nikaangukia "Nyinginezo". Jirani yangu anayeziba pancha, Nyinginezo. Mama wa chapati, Nyinginezo. Mtaa mzima wa watu wanaoamka alfajiri, serikalini ni Nyinginezo.

Halafu namba ya kitambulisho, tarakimu na herufi 14. Nikafurahi, nikajua yamekwisha, maana nyuma ya namba hiyo wanalo jina langu, siku niliyozaliwa, kijiji, wazazi, hata alama za vidole vyangu vilivyotobolewa na sindano. Wapi! Ukurasa unaofuata: jina lako? Ulizaliwa lini? Baba yako ni nani? Huko Estonia serikali ikishaandika jambo lako haitakiwi kukuuliza tena. Na si kwamba sisi hatuna dawa. Umejengwa mfumo unaitwa UGhub ili idara zipashane habari zenyewe kwa zenyewe. Naona zangu mimi zimenuniana.

Yote hayo kwa Kiingereza, bila shaka. Kiswahili kilitiwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likakikumbuka tena Julai 2022. Fomu itapata habari pole pole.

Mwisho inasema: chapisha, peleka kwa Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, apige muhuri, piga picha, pandisha. Mwenyekiti wetu kidau chake cha wino kilikauka zamani. Anautoa muhuri kwenye soksi, anaupulizia mdomo, haaa, haaa, kisha anaukandamiza kwa uzito wa mwili wake wote mpaka meza inalia. Unatoa kitu kidogo. Hiyo ndiyo serikali mtandao: intaneti mwanzoni, pumzi ya Mwenyekiti katikati, intaneti mwishoni.

Lakini nasimulia hivi utadhani nilijaza mimi. Nani kakwambia? Alijaza kijana wa kafe.

Kafe yenyewe ni kibanda karibu na stendi: mashine ya kopi na kompyuta moja ambayo herufi za kibodi zimefutika zote, anabonyeza kwa kumbukumbu. "Mzee, una imeli?" Sina. Anakufungulia. Nywila anachagua yeye. Ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu inaingia kwenye simu yake, maana yangu iko kwa jirani inachajiwa. Kisha anaandika kila kitu kwenye kaunta buku: jina, imeli, nywila. Mtaa wetu mzima umo humo. Nywila ya Mwenyekiti ni jina la ng'ombe wake, hata watoto wanaijua. Nchi ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, ila kaunta buku halijaisoma.

Sasa niambie, kwenye hiyo miongozo yote kijana huyu yuko ukurasa gani? Hayupo! Picha ni mimi na simu, simu na serikali, mishale inakwenda na kurudi. Kumbe kati yetu pana mtu anayelipwa, na ndiye anayejua kuwa tarehe lazima ianze na mwezi, kwamba picha ikiwa kubwa inatupwa bila kuambiwa, kwamba mtambo wa idara ile huwa na nafuu usiku. Wangemwita semina yeye mmoja, wasingehitaji kumchora yule mama. Hawakumwita. Siku ya semina alikuwa kazini, anatujazia fomu.

Maoni nayo yana kisanduku chake. Niliandika habari ya kalavati la kuelekea sokoni, lililobomoka mpaka mbuzi wanalikwepa. Jibu likaja papo hapo: "Asante kwa kushiriki. Tunathamini mazungumzo nawe. Usijibu ujumbe huu." Mwaka 2009 serikali ilianzisha mabaraza, mkubwa wa wilaya anasimama mbele ya watu chini ya mwembe, anasoma hela iliyoingia na ilivyotumika, watu wanauliza. Hakuna aliyesema kila mara wanajibu, lakini ukimuuliza kalavati unamwona anavyotafuta kitambaa cha jasho. Kisanduku hakitoki jasho.

Na kushiriki kwenyewe ni kwa pesa. Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kuingia WhatsApp na wenzake; 2021 ikaondolewa, tukawekewa asilimia 12 kwenye bando. Facebook ilifungwa Januari 2021, wiki ya uchaguzi, na mwongozo tuliogawiwa semina unashauri tukutane na viongozi wetu Facebook.

Haya, la juzi sasa. Kijana wa kafe amepata kazi Dubai. Ameondoka, na kaunta buku limo kwenye begi. Mtaa mzima hakuna anayeweza kuingia kwenye akaunti yake ya serikali mpaka tumpigie usiku akitoka zamu. Jana nilimpata. Akaniambia, "Mzee, subiri kidogo, Mwenyekiti yuko kwenye laini nyingine, amebadilisha ng'ombe."