Kinywa kikavu baada ya hedhi kukoma: tusiikimbilie estrojeni

Mwanamke wa miaka 52 akilalamika kinywa kukauka, jibu huwa limeshaandaliwa: hedhi imekoma, estrojeni (homoni ya kike) imeshuka, vumilia. Wanaolitilia shaka jibu hilo huambiwa hawawajali wanawake. Kwa kweli wao ndio wanaomchukulia mgonjwa kwa uzito zaidi.

Upande wa homoni una hoja. Seli za tezi za mate zina vipokezi vya estrojeni (sehemu za seli zinazoinasa homoni hiyo), hasa aina ya beta. Karibu na siku ya kupevuka yai, tone la mate likikaushwa kwenye kioo huweza kuonyesha chumvi iliyojipanga kama majani ya kangaga (ingawa atakayepanga uzazi kwa kipimo hicho anacheza bahati nasibu). Kwamba homoni huzigusa tezi hizi, basi, hakuna ubishi.

Ubishi ni kama mate yenyewe yamepungua. Mtu aliyetulia, asiyetafuna kitu, hutoa kama mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika, kuanzia 0.1 kushuka huhesabiwa upungufu. Lakini aliyezoea 0.4 akishuka hadi 0.2 atahisi ukavu ingawa kipimo kinamwita mzima, na mwingine atalalamika huku mate yake yakiwa ya kutosha. Hisia peke yake haiamui. Kupima hakuhitaji mashine: asile, asinywe wala asipige mswaki kwa saa moja, akae, ameze mara moja, ainamishe kichwa na kuyaacha mate yachuruzike kwenye chupa kwa dakika 15. Yasipozidi mililita 1.5, tezi zina tatizo. Povu hudanganya macho, kwa hiyo tumia mizani: gramu 1 ni karibu mililita 1. Akimeza au kuongea katikati, anza upya. Kipimo cha kurudia kifanyike saa ileile, maana mate ya asubuhi si sawa na ya alasiri.

Kisha amwage mfuko wa dawa mezani. Amitriptilini ya maumivu au usingizi, dawa za mzio za kizazi cha zamani, za kibofu, za kuongeza mkojo: zote huweza kukausha kinywa, na umri wa kukoma hedhi ndio umri wa kurundikiwa hizi.

Kinachotisha zaidi ni ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na machozi. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, na wengi hugunduliwa wakiwa kwenye miaka hiyohiyo ya hamsini. Upande wa homoni huutumia uwiano huo kama ushahidi wao, na huenda homoni zina mkono. Lakini anayeambiwa “ni umri” hapimwi damu kutafuta kingamwili za Ro (zinazoashiria ugonjwa huu) wala kukatwa kinyama cha mdomo wa ndani kikapimwe, na huku meno yanaozea kwenye shingo, macho yanachubuka, na hatari ya saratani ya limfu, iliyo kubwa zaidi kwa wagonjwa hawa, haifuatiliwi.

Vipimo vyote vikiwa safi, hapo estrojeni ijadiliwe. Hata hivyo, tafiti za kurudisha homoni zimetoa majibu yanayopingana kuhusu mate, kwa hiyo ukavu wa kinywa pekee si sababu ya kuandikiwa homoni hizo.