Fidla za Nick Drake na Ubishi wa Wasikilizaji wa Mtwara

Albamu ya kwanza ya Nick Drake, mwimbaji na mpiga gitaa Mwingereza, Five Leaves Left, iliyotoka Uingereza mwaka 1969 chini ya Island Records, haikupata wasikilizaji wengi ilipotoka, na mtunzi wake alifariki Novemba 1974 akiwa na umri wa miaka 26 bila kuonja umaarufu. Leo inasikilizwa hata hapa Mtwara, kwenye simu za vijana wanaotunga na kujipigia gitaa wenyewe, na kila inapotajwa kati yao huzuka ubishi uleule: je, zile fidla za okestra zimezibeba nyimbo au zimezifunika?

Wanaozikataa wana sababu ambayo mtu asiyejua studio za hapa anaweza kuidharau. Kwetu fidla hutoka kwenye kompyuta ya prodyuza, na wimbo ukionekana mwepesi humwagiwa fidla ili uonekane na uzito, hata kama maneno yake hayajakomaa. Masikio yaliyolelewa hivyo hushuku okestra kabla ya kuisikiliza. Tena wana shahidi: albamu ya Pink Moon ya mwaka 1972, ambamo Drake mwenyewe aliiacha okestra akabaki na sauti na gitaa, na kinanda kidogo kwenye wimbo mmoja. Kama fidla zilikuwa muhimu, wanauliza, mbona alizitupa?

Swali ni zuri, lakini jibu lake halimo katika Pink Moon. Wakati wa kurekodi albamu ya kwanza, prodyuza Joe Boyd alimleta kwanza Richard Hewson kupanga ala, na Drake, kijana mpole asiyependa kubishana, akaikataa kazi ile na kumpendekeza Robert Kirby, mwanafunzi mwenzake wa Cambridge. Fidla za Kirby, basi, alizitaka mwenyewe. Katika wimbo wa Way to Blue gitaa halimo kabisa. Kuna sauti ya Drake na ala za nyuzi za kupigwa kwa upinde, basi, na ukiziondoa hizo mwimbaji hana pa kukanyaga. Huwezi kusema kitu kimefunikwa wakati chini yake hakuna kingine.

Upande wa pili wamo watu wazima waliokulia kwenye taarabu. Hao fidla haziwashtui hata kidogo, kwa kuwa wamezizoea pamoja na ala za kanuni, udi na akodiani, na kwa hakika nilitarajia wawe watetezi wakubwa wa albamu hii. Wanaitetea, ila kwa masharti. Katika taarabu mwimbaji akimaliza ubeti fidla humjibu, naye husubiri jibu hilo. Drake huimba chini chini huku fidla zikiendelea na safari yao, na sikio lililozoea kujibizana humwona kama mtu anayezungumza peke yake. Nadhani hii ndiyo lawama yenye uzito kuliko zote, na haitoki kwa maadui wa okestra.

Hata hivyo River Man huwatuliza wengi wao. Fidla zake zilipangwa na Harry Robinson, si Kirby, na Drake alipiga na kuimba papo hapo pamoja na wapigaji studioni, jambo linalosikika katika namna fidla zinavyopanda na kushuka na pumzi yake. Mapigo yake huhesabiwa matano matano, kwa hiyo anayejaribu kupiga makofi hujikuta nje ya mstari kabla ya ubeti wa kwanza kwisha.

Kwa The Thoughts of Mary Jane nawaachia wapinzani ushindi: filimbi na nyuzi zimeufanya uwe mtamu kupita kiasi. Nao wenyewe, nikiwachunguza, wimbo wanaourudia kila siku ni Three Hours, ambao hauna okestra bali ngoma za konga za Rocky Dzidzornu, Mghana. Mtwara ni mji wa ngoma. Hilo halihitaji maelezo.

Mwaka 2025 lilitoka boksi la rekodi, The Making of Five Leaves Left, lenye rekodi za awali za albamu hii, nyingine za sauti na gitaa tu, na kambi ya gitaa ililipokea kama hati ya ushindi. Mimi naliona linathibitisha jambo dogo zaidi: kwamba nyimbo kadhaa zilijitosheleza, huku nyingine zikisubiri. Okestra kamili inasikika katika nyimbo tano tu kati ya kumi, na uchaguzi huo ndio ninaoona haujadiliwi vya kutosha. Kwa mtunzi wa hapa nao ni suala la fedha, kwani wapigaji fidla wa kweli wengi wako Zanzibar, ambako chuo cha muziki cha DCMA kinafundisha tangu mwaka 2002, na nauli pamoja na malipo ya wapigaji wanne kwa wimbo mmoja hayafanani na gharama ya kubonyeza kitufe cha kinanda.