Walilibomoa jengo lililokuwa halijawahi kukosa kazi

Dunedin, mji mdogo wa kusini mwa New Zealand, ulitajirika ghafla baada ya dhahabu kupatikana Gabriel's Gully mwaka 1861. Fedha zilipojaa, ukajengewa posta ya fahari katikati ya mji, kazi ya msanifu William Mason, yenye matao na mnara wa saa. Jengo likakamilika mwaka 1868, lakini posta haikuhamia. Yakaingia makumbusho. Mwaka 1871 Chuo Kikuu cha Otago kikafungua masomo humo. Baada yake ikaja benki, kisha soko la hisa, ambalo ndilo lililoliachia jina, Stock Exchange. Mwaka 1969 likavunjwa. Leo pale pana jengo la ofisi la zege, John Wickliffe House.

Waliotaka livunjwe tuwasikilize kwa haki. Biashara ilikuwa imesogea kaskazini, kuelekea Octagon, uwanja wa pembe nane wa mji huo, na jumba la karne moja lina gharama: paa, mabomba, nyaya, mawe yanayomomonyoka. Atakayelipa ni nani? Halafu kuna tetemeko la Christchurch, mji mwingine wa New Zealand, la Februari 2011, lililoua watu 185. Baadhi yao waliangukiwa na kuta za matofali ya zamani wakiwa barabarani, wengine wakiwa ndani ya basi. Mbele ya vifo hivyo, siwezi kumwambia mtu kwamba uzuri wa tao unatosha.

Lakini tetemeko hilo lilikuja miaka 42 baadaye. Tusiwaazime wabomoaji hoja ambayo hawakuihitaji. Na kuta huimarishwa. Mwendo mfupi kutoka hapo, Vogel Street, maghala ya enzi ileile yamefungwa vyuma ndani na sasa yana ofisi na migahawa. Yalisalia kwa sehemu kubwa kwa sababu uchumi wa mji ulilala, hakukuwa na haraka ya kuyabomoa.

Hoja ninayoikataa kabisa ni kwamba jengo lile lilikuwa limepitwa na wakati. Lilijengwa kwa kazi moja, likafanya nyingine nne. Ni jengo gani jipya linaloweza kujisifu hivyo?

Mbele ya jengo lile la zamani, mwaka 1872, ulihamishiwa mnara wa kumbukumbu ya Kapteni William Cargill, aliyekuja na walowezi wa 1848 kwa meli ya John Wickliffe. Mnara upo hadi leo, mawe yamechongwa hadi kwenye ncha. Nyuma yake, jina la meli limebandikwa kwenye zege.