Kama ni ya hiari basi iwe ya hiari kweli

Kuna kijana wa Maseno namfundisha Python, lugha ya kuandika programu, kila Jumamosi hapa Kondele, Kisumu, kwa chumba kimoja juu ya hadiwea, anakuja na matatu asubuhi na laptopu yake ya mitumba ya RAM GB 4. Juzi nikamwambia ainstoli fremwaki moja (msingi wa kujengea programu) ya kuchambua maandishi, na wala hatukuwa na kazi kubwa, tulitaka tu kugawanya sentensi za Kiswahili na kuhesabu maneno. Akawasha hotspoti ya simu, akaandika komandi, mimi nikashuka kuchukua chai. Kurudi nampata ametoa mikono kwa kibodi anaangalia tu ule mstari ukisonga, faili moja imepita MB 600 na nyuma yake zingine zimepanga foleni, na ukisoma majina yake unaona zote ni za GPU, ile chipu ya picha na hesabu nzito, kitu ambacho hiyo laptopu haina na haina hata mahali pa kukiweka. Simu ikaita meseji, bando imeisha. Akaniuliza polepole, "Mwalimu, hii yote ni ya kuhesabu maneno?"

Hilo swali limenikaa rohoni, manake mimi pia natunza fremwaki huria, ndogo tu, ya kukusanya fomu na kutoa ripoti, na tumekuwa tukibishana wenyewe kwa wenyewe kitu gani kiingie ndani kwa lazima na kitu gani mtu aongeze akitaka. Msimamo wangu ni huu: kiini kiwe chepesi, kila kitu cha ziada kiwe na jina lake, na ukikikosa programu ikuambie waziwazi umekosa nini na uandike nini ukipate. Watu wakiniambia ni jambo dogo nakataa kabisa. Kwa mtu wa ofisi yenye waya wa intaneti usiokatika MB 600 ni kukohoa mara moja, kwa huyu kijana ni bando ya wiki.

Njia za kufanya hivyo zipo na si ngeni. Python ina zile ekstra za mabano ya mraba, yaani nyongeza za hiari, unaziandika kwa pyproject.toml, faili ya maelezo ya mradi, chini ya optional-dependencies, alafu mtumiaji anachagua. Angalia Django, fremwaki ya kutengeneza tovuti, kubwa hivyo, lakini ukiiinstoli inakuja na laibrari (vipande vya programu vya wengine) mbili tu, asgiref na sqlparse, na tzdata ukiwa Windows. Unataka nywila zilindwe na Argon2? Unaandika django[argon2]. Kinachonifurahisha zaidi ni vile inashughulika na picha. Ukiweka ImageField, ile fildi ya picha, kwa modeli yako na huna Pillow, laibrari ya picha, haingoji mpaka mteja apakie picha usiku ndio kitu kilipuke, inakagua mapema wakati unawasha mradi, inakuambia huwezi kutumia hiyo fildi bila Pillow na inakuandikia komandi yenyewe ya kuinstoli. Pandas, laibrari ya kuchambua data, nayo ukijaribu kusoma faili ya Excel bila openpyxl inakutajia jina la laibrari unayokosa. Mtu aliandika huo ujumbe akimfikiria mtu asiyemjua, na huo ndio utu ninaouzungumzia.

Wenzangu wengine wanasema mgeni hataki kuchagua, mpe kila kitu kwa sahani moja ale. Nawaelewa, hata sikatai kwamba mtu wa siku ya kwanza akikuta fremwaki imekuja bila seva anakata tamaa na kufunga laptopu. FastAPI, fremwaki ya kutengeneza huduma za wavuti, walipitia hayo hayo mwaka 2024. Toleo la 0.111.0 likaja na vitu vingi kwa difolti, komandi zake za terminali, seva na kadhalika, watu wakalalamika uzito, na kufika 0.112.0 wakageuza, fastapi peke yake ikawa nyepesi na anayetaka kila kitu anaandika fastapi[standard]. Mimi naona walifika mahali pazuri. Mgeni anapewa mstari mmoja wa kukopi kwa ukurasa wa kwanza, na mwenye seva ndogo au bando ndogo haadhibiwi. Ila lazima ile nyepesi ndio iwe difolti, sababu kuongeza ni rahisi, kupunguza ndio shida, nani amewahi kukaa chini akatoa dependensi, yaani laibrari zinazotegemewa, ambazo hazitumii?

Sasa kosa letu, na hili nalisema wazi sababu nimeliona kwa miradi mingi. Ripoti za PDF kwetu ni za hiari, na mwanzoni tuliandika hivi: jaribu kuimpoti laibrari ya PDF, ikikataa, except ImportError: pass, yaani kosa la kuimpoti likitokea nyamaza tu, endelea na maisha. Kuna chama cha wakulima wa mpunga Ahero wanatumia hiyo kitu, karani wao ni mama mmoja makini sana, na mwisho wa mwezi akanipigia, "Mwanangu, barua pepe imekuja lakini ripoti haiko." Nikamwambia, "Pole Mama, nipe dakika kumi." Ikawa siku mbili. Laibrari ilikuwa imeinstoliwa, naiona kwa macho, pip, ile programu ya kuinstoli vitu vya Python, inasema ipo, lakini PDF hakuna, na kwa logi hakuna hata neno moja. Kumbe laibrari yenyewe ipo lakini ndani yake kuna moduli ingine iliyovunjika baada ya kuapdeti, nayo pia inatoa ImportError, na ile pass yetu ikameza yote, haikutofautisha kitu ambacho hakipo na kitu kilichopo lakini ni kigonjwa. Wakulima wanangoja hesabu za magunia yao, mimi nahangaika na mstari niliouandika mwenyewe.

Tukaibadilisha. Sa hivi tunaimpoti ndani ya fanksheni yenyewe ya kutoa PDF, pale mtu anapoiita, na tunashika ModuleNotFoundError peke yake, ambayo Python inayo tangu 3.6, alafu tunaangalia jina la moduli inayokosekana, kama ni ile ya PDF tunatoa ujumbe wenye komandi kamili, kama ni jina lingine tunaiachia hitilafu ipande juu ionekane ilivyo. Na hiyo komandi tunaiandika ndani ya alama za nukuu, pip install "jina[pdf]", kwa sababu kwa zsh, programu ya kusoma komandi za terminali, ambayo Mac zinatumia kwa difolti tangu 2019, mabano ya mraba yana maana yake, ukiandika bila hizo alama inakuambia hakuna faili inayolingana na mgeni anadhani fremwaki imeharibika. Kitu ingine, ukikosea jina la ekstra, useme umeandika pfd badala ya pdf, pip haisimami, inatoa onyo tu na kuendelea, na nani husoma maonyo kati ya mistari themanini? Ndio maana majina ya ekstra yawe mafupi, ya wazi, na yasibadilishwe ovyo.

Testi nazo. Anayeandika fremwaki ana kila kitu kwa mashine yake, kwa hivyo kwake hakuna siku kitu kinakosekana, na kiini kinaweza kuvunjika miezi bila yeye kujua. Huwezi kupima kila mchanganyiko, ekstra kumi pekee zinakupa michanganyiko 1024, lakini unaweza kupima bila chochote, alafu kila moja peke yake, alafu zote pamoja. Hizo ni testi 12. Ile ya bila chochote ndio muhimu kuliko zote, na ndio wengi hawana.

Na mtu asidhani hii ni stori ya bando tu. Mkumbuke ile ya xz, programu huria ya kubana faili, Machi 2024. Mlango wa siri uliwekwa ndani ya liblzma, laibrari ya kubana data, na lengo lilikuwa sshd, programu inayowaruhusu watu kuingia kwa seva kutoka mbali. Lakini sshd yenyewe haihitaji liblzma! Baadhi ya watengenezaji wa Linux waliongeza laibrari ya libsystemd ili sshd iweze kumwambia systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kwamba imeshawaka, na libsystemd ikaja imebeba liblzma mgongoni. Kitu cha pembeni kabisa kikageuka kuwa ndani ya mlango mkuu wa seva. Mhandisi wa programu Andres Freund aliigundua kwa sababu ssh ilikuwa inachelewa karibu nusu sekunde, akafuatilia, tarehe 29 Machi akatangaza. Baadaye mwaka huo huo systemd toleo la 256 likatoka likiwa linapakia hizo laibrari za kubana pale tu zinapohitajika. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka tuifanye kabla ya kuumwa.

Jumamosi iliyofuata kijana alirudi, nikamnunulia bando, tukapata namna ya kuinstoli ile ya CPU pekee, isiyo na faili za GPU, maneno yakahesabiwa. Alafu akaniomba afungue mradi wetu. Nikamwacha. Akakaa na kalamu na karatasi, anainstoli ekstra moja, anaandika uzito, anafuta, anainstoli ingine, jua la saa nane limeingia mpaka kwa meza na yeye hasongi. Jioni akatuma badiliko lake la kwanza kwa programu huria, jedwali dogo kwa README, ukurasa wa maelezo ya mradi: kiini MB 4, na pdf MB 61, na ramani MB 118. Nimeliunganisha bila kugusa hata nukta.