Takawiri: Mchanga Una Wenyewe

Sisi wa Kisumu na Nakuru tukitaka mchanga mweupe tunawaza Diani, safari ya usiku kucha, ilhali Ziwa Victoria lina Takawiri. Ni kisiwa kidogo kati ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, kaunti ya Homa Bay. Gari hakuna. Ukishuka kwenye boti ni miguu yako tu, na kelele ni za watoto, kuku na mawimbi. Kutoka Kisumu unapitia Ndori hadi Luanda K'Otieno, unavuka kwa feri mpaka Mbita, kisha unatafuta boti.

Nataka watu waende. Ila kuna maneno yanayoniuma kila nikiyasikia: eti ufuo ungependeza zaidi kama omena, dagaa wa ziwani wanaoanikwa pale, zingeondolewa.

Ziondolewe ziende wapi? Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Alfajiri boti zikitia nanga, akina mama wananunua mzigo ukiwa mbichi, wanatandaza nyavu kuukuu mchangani na kuanika. Jua likiwa kali, jioni omena zimekauka. Mvua ikizikuta zingali mbichi, kilichokuwa kitoweo kinauzwa kwa bei ya kutupa, kikawe chakula cha kuku, na mtaji wa mama umeenda hivyo. Harufu unayoilalamikia ndiyo karo ya shule. Sioni kwa nini mgeni wa siku mbili apewe ufuo uliofagiliwa, na mwenye ufuo asogezwe kwenye majabali.

Vichanja vya kuanikia naviunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu omena isiyo na mchanga huuzwa vizuri zaidi. Vijengwe kwa faida ya muanikaji, basi, si kwa ajili ya picha zetu.

Na barabara ya kufika Takawiri kwa gari? Rusinga iliunganishwa na Mbita kwa tuta miaka ya 1980. Tuta likaziba mkondo wa maji, hatimaye ikabidi lijengwe daraja ili ziwa lipumue. Mimi ningependa Takawiri ibaki kisiwa cha miguu na boti. Lakini silali kule mimi. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku na upepo umechafuka, utulivu ninaousifu unakuwa hatari kwake. Kabla ya hoteli nyingine yoyote, fedha za utalii zinunue boti ya wagonjwa, yenye injini ya kuaminika na mafuta ya akiba.

Ukienda, vuka asubuhi; alasiri upepo huamka na boti hurukaruka. Usikubali kupanda bila jaketi la kuokolea, hata nahodha akikucheka. Kabla ya kuoga ziwani uliza wenyeji pa kuogea, maana kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia penye majani, na viboko nao wana sehemu zao. Omena nunua pale pale, kwa mama aliyezianika.